Matusi ya Mapasa

Dar es Salaam, 11 Machi 2024

Bibi mpendwa,

Nakusalimu kutoka mji huu ambao hata kivuli chake kina jasho. Natumaini kwa dhati kwamba magoti yako yanakuruhusu kufika kanisani. Gael anakusalimu. Bado anafuatilia makaratasi ya malori ya shaba bandarini, na mimi niko ofisi ileile ya Kurasini, napanga foleni ya magari yanayotoka kwetu. Jana liliingia lori la Kolwezi likiwa na vumbi letu kwenye matairi. Nililigusa lile tairi kama mtu anayemsalimu ndugu yake. Mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Siumwi, Bibi. Nina mimba. Daktari ametazama kwenye mashine yake akasema wapo wawili. Mama Annie, mama yake Gael, amefurahi mno. Atakuja kutoka Likasi mwezi wa nane kunisaidia.

Sasa nina ombi. Nakumbuka nilipokuwa mdogo pale Manika, jirani alizaa mapacha, na wanawake wakaja na majani kichwani wakiimba Tshiluba, lugha yenu ya Kasai, na kucheka mpaka wanaanguka. Wewe ulinivuta ndani ukafunga dirisha. Nataka nyimbo zile. Nilimuuliza Mama kwa simu, akajibu, "Mi sikupewa. Uliza mwenye alikatala kunipa."

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Niandikie nyimbo zote. Na kama si kosa kuuliza: kwa nini hukumfundisha Mama Tshiluba?

Barua hii inaletwa na dereva wetu, Mathieu. Mpe majibu yeye huyohuyo.

Mjukuu wako,
Noëlla


Kolwezi, Manika, tarehe mbili mwezi wa ine 2024

Noëlla, muke-mwenzangu,

Tata Stany ameikala hapa ku meza na kalamu yake. Ni katekista wetu, ule wa shingo murefu, unamujua. Nimemuambia: andika vile minasema, usisafishe kitu. Akisafisha, utafikiri ni Padri anakuandikia.

Mi niko muzima. Magoti inaongea, inashinda chorale nzima ya kanisa. Mama yako Honorine iko Lubudi na samaki yake. Alisema atakuya Pasaka. Pasaka ilisha kupita juzi, treni bado inafikiri. Mu kiwanja yangu niko na bapangaji, bijana ba kuchimba ku Mutoshi. Bamoja ni ba Mbuji-Mayi, bengine ba Kananga, bote ba Kasai, mumoja anatoka mbali kule Bunia. Banarudia jioni na vumbi mpaka ku meno, banaongea luga zote mara moja sawa soko. Ninabapikia. Banakula sawa bamefunguliwa ku gereza.

Gael, bwana yetu, umuambie ninamuona mu ndoto, lakini mu ndoto iko mwembamba. Umupikie.

Sasa barua yako. Kwanza, ile "Bibi". Huku kwetu bibi ni muke ya mutu. Unaniita muke wako? Mi ni Kaku wako, ulisha kusahau? Tena unatumaini kwa dhati. Dhati ni nani? Tata Stany naye hamujue.

Mapasa! Nilipiga kelele ya furaha mpaka bale bijana ba Mutoshi batoke na nyundo mu mikono, balifikiri ni mwizi. Sikia: wa kwanza kutoka ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Docteur asijisumbue kutafuta jina. Na wewe utaitwa Mwambuyi, mama ya Mbuyi. Noëlla utaifunga mu sanduku pamoja na robe ya ndoa yenye haikuingie tena.

Nyimbo iko, ndiyo. Mapasa bakizaliwa, lazima mama yabo atukanwe. Upande ya baba inatukana upande ya mama, upande ya mama inajibu. Na si matusi ya hapa juu ku kichwa, ni ya hapa chini, unanisikia. Mapasa ukibapokea na adabu, banafikiri haukubafurahie, banarudia kwenye balitoka. Mi ninazijua zote. Lakini angalia nani ananiandikia! Katekista! Nikimuimbia ya kwanza tu, kalamu itawaka moto. Acha nitafute mutu mwengine. Kwa sasa ninakutumia karanga na kitenge ya kubebea.

Unauliza juu ya nini sikufundisha mama yako Tshiluba. Karanga uzikaange bila mafuta.

Ni mi, Kaku wako Tshilombo, mwenye alikubeba mugongoni na ulikuwa muzito


Dar es Salaam, 24 Aprili 2024

Kaku (umeona? nimeshika adabu),

Kitenge kimefika. Karanga zimefika nusu. Mathieu anasema foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ilikuwa ndefu na yenye njaa. Zilizobaki nimezikaanga bila mafuta, kama ulivyoagiza. Umenijibu vizuri sana swali ambalo sikuuliza.

Hapa tunaendelea vizuri. Gael amenenepa tangu nimsomee ndoto yako. Tumbo langu sasa linaingia ofisini kabla yangu.

Nikuambie jambo. Nilipofika kliniki mara ya kwanza nilisema nina "mapasa". Muuguzi akacheka akasema, "Dada, ni mapacha." Nikasema "mi minaumwa muguu", akaniuliza nimetoka nchi gani. Si mbaya yule dada, anacheka na kila mtu. Lakini tangu siku hiyo nimeanza kuupiga pasi ulimi wangu, na juzi nikajikuta naongea na tumbo langu mwenyewe kwa Kiswahili cha ofisini. Nilisema, "Tafadhali, geukeni upande wa pili."

Tafadhali! Kwa wanangu!

Ndiyo maana nazitaka zile nyimbo, Kaku. Sitaki watoto wangu wapokelewe kama makontena: karibuni, namba yenu ni hii, pitieni mlango ule. Nataka wapokelewe na kelele za kwetu. Kama katekista anaona haya, mtafute mwingine. Na ile karanga ya swali langu bado naitafuna.

Noëlla


Kolwezi, tarehe kumi na kenda mwezi wa tano 2024

Noëlla mwenye tumbo ya kutangulia,

Huku baridi imeanza. Asubuhi ninavaa soksi mbili ku muguu moja, juu ile ingine haiumie. Mama yako alifika mwishowe, na Pasaka yake mu kitunga: samaki tatu na malalamiko. Alikaa siku mbili, akarudia Lubudi. Hatukugombane sana.

Ule muuguzi mwenye alikucheka, umuambie akuye Kolwezi. Aseme "mapacha" ku soko ya Manika, tuone nani atamuuzia ndizi. Usimuchukie lakini. Mutu mwenye kucheka hajafunga mulango.

Na Kiswahili yako ya pasi, uiache ku ofisi pamoja na viatu. Batoto mu tumbo habana ofisi.

Nyimbo. Usifikiri nimesahau ombi yako. Nilimuita Jémima wa chorale aniandikie, lakini ule mutoto muandiko wake ni sawa kuku alikanyaga wino. Tena karatasi ni kidogo, nyimbo ni kubwa. Tena mwezi hii niko na sauti ya kukauka. Tena Tata Stany unamujua: nikifungua tu kinywa, anaangalia juu sawa mbingu inavuja. Anakatala kabisa kuandika. Mi nifanye nini? Zote ziko hapa mu kichwa yangu, zimejipanga sawa batoto ba masomo. Utazipata.

Ninakutumia sombe, majani ya muhogo ya kukausha. Mathieu akikula nusu tena, nitamuimbia yeye.

Kaku Tshilombo

*

Dada Noëlla, hapa ninaandika mimi mwenyewe, Stany. Kaku wako hajui kama nimeongeza hii, na ninamuomba Mungu anisamehe. Mi sikukatala. Nilishazika watu na kubatiza watu muda mrefu, hakuna neno la mwili wa mutu lenye litanishangaza. Nimekuja hapa mara nyingi na kalamu tayari. Anaimba mustari wa kwanza, anapiga mikono, anasimama. Anaangalia ukuta. Anaanza tena ule mustari wa kwanza. Kisha ananiambia, "Tata, rudia kwako, ninaona unasikia haya." Jana macho yake yalilowa. Alisema ni kitunguu. Dada, mu nyumba hapakuwa na kitunguu.


Dar es Salaam, 8 Juni 2024

Kaku,

Sombe imefika nzima. Mathieu anasema alisomewa onyo lako hukohuko Kolwezi, akaendesha mpaka hapa bila kugusa mfuko. Anajua hayo matusi unayoyasema, maana yeye ni mtoto wa Mbuji-Mayi, na anasema kwao mwanaume akitukanwa na mama wa mapasa harudi nyumbani kwa njia ya kawaida.

Afya yangu ni nzuri. Daktari anasema watoto wamekaa vizuri, mmoja juu ya mwingine kama magunia.

Lakini kuna neno limenifika, na sijui nikuambie au ninyamaze. Mama Annie alipiga simu. Unajua yeye ni Musanga. Anasema nyimbo zao za Kisanga ziko tayari, amezifanyia mazoezi na dada zake, na wamecheka mpaka mmoja akameza jino la bandia. Akaniuliza, "Na upande yenu? Nani atatujibu?" Nikasema Kaku anazo zote, anatafuta tu mtu wa kuziandika. Akacheka, Kaku. Akasema, "Ule mama? Baluba ba Kolwezi banajua nyimbo ya kanisa tu. Tutabatukana, batajibu na Amina."

Nilimuaga, nikaweka simu chini. Upande wa baba utaimba, mimi nitakaa pale na watoto wangu wawili na mdomo mmoja mtupu. Mbuyi na Kabanga watajua Kisanga cha baba yao, na mimi nitakifurahia, ni lugha tamu. Watajua Kiswahili cha Dar, watake wasitake. Upande wetu watasikia kimya.

Basi kama sauti yako imekauka, usijisumbue. Mama Annie atatosha.

Msalimie sana Tata Stany. Mwambie nimenunua vitunguu.

Noëlla


Kolwezi, tarehe kumi na ine mwezi wa saba 2024

Wewe Noëlla,

Barua yako ililala ku frontière ya Kasumbalesa mpaka ikaota mizizi. Ilifika alhamisi. Sitakusalimu kwanza. Amina? AMINA? Ule mama alisema tutajibu na Amina?

Tata Stany alisoma pale, alisimama, aliniangalia. Nilimuambia: soma tena. Akasoma tena. Nikavaa kitambaa ku kichwa, nikachukua fimbo, nikatoka. Magoti yenyewe ilikuwa inakimbia mbele.

Nilienda kwa Kabedi.

Unamukumbuka Kabedi? Nyumba ya bati ya kijani, njia ya kwenda Kingamyambo. Sisi babili ndiyo Baluba bazee benye tulibakia mu hii quartier ya Manika. Hatusalimiane tangu kilio ya tata yako mukubwa, bwana yangu, Mungu amuweke. Siku ile, mbele ya bageni bote, alitia kidole mu bukari yangu, ugali ya kilio, akasema, "Tshilombo, bukari yako iko na madonge." Mi niko mu kilio, mufu iko pale, na yeye anapima bukari! Tangu ile siku, ku kanisa mi ninaikala kuume, yeye kushoto.

Nilimukuta chini, anachagua maharagi. Sikusema hodi. Nilisimama ku kiingilio, nikamuimbia ule mustari wa kwanza, wenye unasema habari ya makalio ya mama ya mapasa na mulango ya kanisa. Na ngufu yote. Bijirani balitoka. Kabedi hakuinue kichwa. Nilisema mu roho: huyu alikufa.

Aliweka lungo ya maharagi chini polepole. Akapangusa mikono. Akasimama, akanipa wa pili!

Noëlla, ule mustari wa pili niliutafuta mu kichwa, mu ukuta, mu chungu, mu uso ya Stany. Kumbe ulikuwa mu kinywa ya ule muchawi. Na vile alinitukana nao, wa tatu ulinirukia wenyewe. Nikamurudishia. Akanipa wa ine. Mi nikasema wa tano na tumbo mbele. Batu balifikiri tunapigana. Mutu alikimbia kuita bapangaji bangu, bale bijana balikuya kutuachanisha. Bale ba Mbuji-Mayi balisikia mara moja tu, balitupa nyundo chini, balianza kuitikia. Kuitikia, mutoto wangu! Bitoto bya juzi, binajua kuitikia! Ule wa Bunia hasikie kitu, lakini alicheza kushinda bote.

Tulipochoka, Kabedi alinipa kiti. Akasema:

"Tshilombo, ni nani alizaa?"

"Bado. Ni Noëlla wa Honorine. Ni mu mwezi wa nane."

"Na ulikuya kunitukana mbele ya wakati?"

"Nilikuwa napita."

Akacheka. Akachukua lungo tena. Kisha akasema, "Ni wewe uliniambia tufunge kinywa. Ile mwaka ya gare."

Uliuliza, sasa sikiliza mara moja, sitarudilia. Ile mwaka, batu betu balifukuzwa mu manyumba juu ni ba Kasai, balilala pale ku gare, bamama na byungu na magodoro, banangojea treni ya kubapeleka Kasai, kwenye batoto babo habajaonaka hata na jicho. Mutu akisikia unaongea Tshiluba ku robinet ya maji, anajua nyumba yako ni gani. Tata yako mukubwa alikatala kupanda. Nilimushika mama yako Honorine, alikuwa wa kubeba kindoo kidogo, nikamuambia: tangu leo ni Kiswahili, hata ukiota ndoto. Alinisikia sana. Ni mutoto wa kusikia. Nilimujibu Kabedi: ndiyo ni mi. Na batoto ni bazima, tulilie nini? Akasema, "Sikukulaumu. Nimesema tu ni wewe."

Tukachagua maharagi.

Sasa usiende kumuambia Mama Annie kama nilisahau nyimbo. Sikusahau. Nusu ilikuwa kwa Kabedi, na yeye hakunisalimiaka.

Sitakuandikia hata moja. Stany ananiangalia, kalamu tayari, maskini, sasa ninaona alikuwa anataka. Lakini tusi ukiliweka ku karatasi peke yake, bila mutu wa kulijibu, linakauka sawa samaki ya mama yako. Fanya hivi: batoto bakitoka, mukirudia mu nyumba, upige ku telefone ya Stany. Unajua mi na telefone: ninasikiaka "allô" moja tu, na ile allô ni yangu. Lakini Kabedi iko na masikio. Ule mama wa Kisanga aimbe. Sisi tutakuwa huku.

Na ile vitunguu yako, nani aliambia mutu habari ya vitunguu? Stany amekuwa mwekundu.

Kaku wako, mwenye sauti ilirudi


Dar es Salaam, 29 mwezi wa nane 2024

Moyo, Kaku.

Mathieu ndiye alinifundisha kusalimia vile. Anasema ukisema "moyo" hauhitaji kusema mengine, lakini mi niko na mengi.

Batoto ni bazima. Mbuyi ni mwanaume, Kabanga ni binti, na ni Kabanga ndiye anapiga kelele, Mbuyi anamuangalia tu sawa Gael. Mi niko muzima. Unaona ninaandika vile ninasemaka? Pasi nimeirudisha ofisini.

Ile siku, nataka ukumbuke vile ilikuwa ku upande yangu, juu sijue vile ilikuwa ku upande yako. Mama Annie alijipaka unga ku uso, akavaa suruali ya Gael. Jirani zetu ba Kurasini balisimama ku ukuta, hata ule muuguzi wa mapacha alikuya, alisema ni kwa kupima uzito ya batoto. Mama Annie akaanza Kisanga. Gael alificha uso. Mi sikusikia yote, lakini nilisikia jina yako mulemule.

Tukapiga kwa Tata Stany. Na kule ikatoka ile kelele! Kaku, ninyi bote, na bale bijana banaitikia! Mama Annie aliruka, akasema, "Eh! Biko bazima!" Akajibu na Kisanga. Ninyi mukarudisha na Tshiluba. Hakuna mutu alielewa neno ya mwenzake na hakuna mutu alikosa kuelewa. Ule muuguzi aliniuliza, "Wanasemaje?" Nikamuambia, "Dada, karibu siku ingine." Kabanga alinyamaza mara ya kwanza tangu azaliwe. Alifungua macho.

Kisha Mama Annie akanipa telefone. Akasema, "Mwambuyi naye anajibu. Mama ya mapasa hawezi kutukanwa na kunyamaza." Mi nilikuwa nimejitayarisha na neno moja tu. Nilimuomba Mathieu siku nyingi ku parking, kati ya makamio ya shaba, akanirudilia mpaka bashoferi bengine balilijua. Nilikuambia na Tshiluba, na ngufu yote, kama bukari yako iko na madonge.

Kule nikasikia makelele na kitu inaanguka. Kisha telefone ikakatika.

Tulipiga tena, haikupite. Sijue kama ni réseau ya telefone ao ni hasira. Kaku, ile kilio ya tata mukubwa si kitu ya kuchezea, ninajua. Nilitaka tu kukujibu, na ni ile tusi moja nilikuwa nayo yenye ni ya kwetu. Kama nilikukosea, uniambie. Mathieu anangojea jibu hata ya mustari moja. Nimemuambia asirudie bila nayo.

Mwambuyi


Kolwezi, tarehe makumi mbili na mbili mwezi wa kenda 2024

Mwambuyi wangu,

Moyo na wewe. Moyo kwa Mbuyi, moyo kwa Kabanga mwenye kelele, ule ni wangu, umuangalie vizuri. Gael anavaa suruali gani sasa, kama mama yake alibeba ile moja?

Huku mvua inatafuta njia. Bapangaji bangu bamerudia ku kazi ku Mutoshi, lakini kila jioni bananiita ku kiingilio na ule mustari wa kwanza, mashetani. Ule wa Bunia amejua mistari mbili. Hajue maana yake, na mi sitamuambia.

Réseau ilikuwa muzima. Na hasira haikuwa.

Tulikuwa mu kiwanja kwa Kabedi. Stany alishika telefone juu na mukono moja, mukono ingine ilikuwa ku sikio, lakini niliona vidole vimefunguka. Honorine mama yako alikuwa pale, treni ilimuleta siku ile, ninafikiri kwa makosa. Aliikala ku kona. Nilimuambia asaidie kuitikia, akasema, "Mi sijue Tshiluba, Mama. Unajua sijue." Nikamuacha.

Tukaimba. Ule Mama Annie iko na sauti, umuambie nimesema. Umuambie Amina yake niliipokea.

Kisha ukatoka wewe. Ile neno ikatoka mu kile kitelefone kidogo. Na mi, mwenye kusikiaka allô moja tu, nililisikia lote. Kabedi alianguka. Si kusema: alianguka, kiti upande, yeye upande, maharagi juu yake, anacheka na miguu. Bijana banapiga makofi. Mi nilisimama tu. Juu mutu wa damu yangu kunitukana mu Tshiluba, mwisho ilikuwa mama yangu mwenyewe, mbele ya kufa kwake.

Nilitaka kukujibu. Kinywa ilifunguka. Na pale ku kona, Honorine akasema polepole:

"Amelisema vibaya."

Tukamuangalia bote. Hata Kabedi, kule chini.

Akasimama. Akapangusa sketi. Akanitazama mu macho, akalisema tena, muzima, na Tshiluba ya mama yangu, si ya Mathieu, ya mama yangu kabisa, na vile anavutaka mwisho: bukari yako iko na madonge. Mama yako! Mwenye hajue! Tshiluba yote aliibeba hapa ndani tangu ile kindoo kidogo, anauza nayo samaki, analala nayo, na hakuniambia.

Ni pale Stany aliangusha telefone. Ilikuwa ni yake, usinihesabie.

Sitakuambia vile tulifanya nyuma ya pale. Tulipika bukari, mi na Honorine na Kabedi, mu chungu moja. Kabedi alitia kidole. Hakuseme kitu. Honorine alitia kidole, akasema kwa Tshiluba: iko nayo. Tukakula yote.

Haukunikosea. Unasikia? Nimemuambia Stany aisome ile barua yako tena pale kwenye unaniomba musamaha, nicheke. Mathieu anakutumikia vizuri lakini anatamka sawa mutu wa Mbuji-Mayi. Mama yako anasema utamupigia ku siku ya Mungu nyuma ya misa, akurekebishe. Umupigie. Atakuuliza habari ya samaki kwanza, ungojee.

Na bale babili, ubaambie lile neno kila asubuhi ukibaogesha, na la Kisanga la ule mama mwengine nalo, na la Dar, lile la tafadhali, batakuwa na kazi nalo siku moja. Bakikuya Kolwezi, basinisalimie kama bageni. Basimame pale ku kiingilio, bafungue kinywa, banitukane vizuri.

Mi niko hapa. Bukari ninaipika vilevile.

Kaku wako Tshilombo, mama ya Honorine